Chifu wa Watu, Chifu wa Boma

Mwaka 1963 machifu wa Tanganyika walivuliwa madaraka kwa sheria, na nchi ikaendelea na shughuli zake. Watemi, mamangi na masultani ambao babu zao walitajwa kwa heshima na hofu wakawa raia kama majirani zao, na hakuna vita iliyozuka kuwatetea. Ng'ambo ya Ziwa Viktoria mambo yalikwenda kinyume kabisa. Mei 1966, jeshi la Milton Obote lilipoivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, damu ilimwagika, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbilia uhamishoni, na Baganda wakaubeba uchungu huo hadi mwaka 1993 ufalme wao uliporudishwa. Tofauti hii kwa kawaida huelezwa kwa sababu mbili: kwamba Tanganyika ilikuwa na makabila mengi, hivyo hakuna chifu aliyeweza kuitunishia serikali misuli, na kwamba Julius Nyerere, mwenyewe mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alijua kwenda nao taratibu. Sababu zote mbili zina ukweli, lakini haziufikii mzizi. Wingi wa makabila unaeleza kwa nini machifu hawakuungana. Hauelezi kwa nini kila mmoja, katika nchi yake mwenyewe, alikosa watu wa kumpigania. Ninachodai ni kwamba sheria ya 1963 ilizika kitu kilichokuwa kimeshakufa, na kwamba kilichokiua ni hisani ya serikali ya Kiingereza, ambayo kwa zaidi ya miaka thelathini ilimwongezea chifu madaraka. Kila alichoongezewa kutoka juu kilimtenga zaidi na watu wake, mpaka akabaki na mahakama, matarishi na mshahara, huku wa kumtii kwa hiari wakizidi kupungua.

Ili kuona alichopoteza, inafaa kuangalia alichokuwa nacho. Katika sehemu kubwa ya bara, kabla ya Wajerumani, ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache. Utajiri wa mtawala ulikuwa watu: wa kumlimia, wa kumletea pembe na pombe, wa kubeba mikuki siku ya vita. Mtu aliyechoshwa na mtawala wake alikuwa na jibu jepesi, nalo ni kufunga mizigo usiku na kuhamia kwa mtawala mwingine, ambaye mara nyingi alimpokea kwa furaha. Chifu aliyekula bila kugawa, au ambaye ghala lake lilibaki limefungwa wakati wa njaa, aliona vijiji vikipungua. Usambara, watawala waliokaa Vugha walitarajiwa pia kuleta mvua. Mvua ikikosekana, watu walijiuliza kama kuna wanaogombea kiti, kwa sababu waliamini kwamba nchi yenye watawala wawili haiponi. Kodi ilikwenda juu, lakini chakula, hukumu na mvua vilitakiwa kurudi chini, na kilichosimamia mapatano hayo ni uwezekano wa watu kuondoka.

Hapo patakuwa na wa kupinga, na pingamizi lao lina uzito: je, huku si kuwapamba watawala wa zamani? Mirambo wa Urambo alijenga dola yake kwa vita, Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho waliporana ng'ombe na watu, na biashara ya utumwa haikuendeshwa na Waarabu wa pwani peke yao. Ni kweli tupu, na wala siwasafishi. Lakini tuangalie ukatili huo ulikua lini na kwa sababu gani. Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara kwa muda mrefu na akafa mwaka 1862. Baada yake kiti kilikwenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu, akiwa Vugha milimani. Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekuwa Mazinde kule bondeni, kwenye njia ya misafara ya Pangani, alikuwa na kitu ambacho Vugha haikuwa nacho: bunduki na baruti kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani, ambazo alizilipia kwa pembe na kwa mateka. Semboja aliivamia Vugha na kuivunja. Hakuhitaji baraka za wazee wa milimani, hakuhitaji ghala wala mvua, maana nguvu yake ilitoka nje ya nchi. Matokeo yake yalikuwa miaka mingi ya vita ambamo Wasambaa waliwauza Wasambaa wenzao. Kwa hiyo jambo ninalolisema halikuanza na Wazungu. Mtawala akipata nguvu ambayo watu wake hawawezi kumnyima, huanza kuwaona kuwa ni mali, na nao huanza kumwona kuwa ni msiba.

Wajerumani hawakujifanya kupendwa. Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 asikamatwe, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa mwaka 1900, na Februari 1906, vita ya Maji Maji ikielekea ukingoni, machifu wa Wangoni walinyongwa Songea pamoja na wasaidizi wao. Sehemu nyingi zilitawaliwa na maakida, wengi wao watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, wageni kabisa kwa wenyeji. Akida alichukiwa, lakini hakumdanganya mtu. Kila mwanakijiji alijua kwamba mtu huyu ameletwa na boma, anakusanya kodi ya boma na kiboko chake ni cha boma. Chuki ya wananchi ilikuwa na anwani.

Anwani hiyo ilibadilika alipofika Gavana Donald Cameron mwaka 1925. Alitokea Nigeria, ambako Waingereza walikuwa wakiwatawala watu kupitia maamiri wao, na akaamini kwa dhati kwamba Mwafrika atawaliwe kupitia wakubwa wake wa asili. Simwoni Cameron kuwa mtu mbaya. Alikuwa na haya kuhusu uonevu wa maakida, na aliwazuia walowezi wasiigeuze Tanganyika kuwa Kenya. Sheria yake ya 1926 ilimpa chifu uwezo wa kutoa amri, kuendesha mahakama, kukusanya kodi na kuwa na hazina. Lakini ndani ya zawadi hiyo mlikuwa na mambo matatu yaliyobadilisha kila kitu. Mazao na kazi ambazo watu walimpa chifu zilibadilishwa kuwa kodi ya fedha, naye akapewa mshahara. Kuanzia hapo hakuwa na sababu ya kujaza ghala wala ya kugawa, na mtu mwenye njaa alielekezwa bomani. Kila mlipa kodi aliandikwa chini ya chifu fulani ndani ya mipaka iliyochorwa kwenye ramani, kwa hiyo kuhama hakukuwa tena kumkomoa mtawala: kodi ilikuwa ileile huku na huko, na mkusanyaji wa huko naye alikuwa mtumishi wa boma lilelile. Na chifu akajua kwamba kiti chake kiko salama ilimradi Bwana DC ameridhika. Katika hayo matatu, la pili ndilo lililokuwa zito zaidi, ingawa maofisa wa wakati ule waliliona kama suala la ukarani tu.

Pengine machifu wenyewe hawakuwapo, ikabidi watafutwe. Wamakonde hawakuwahi kuwa na mtawala wa kabila zima. Waluguru waliishi kwa koo zinazofuata upande wa mama. Ardhi ilikuwa ya ukoo, mkuu wa ukoo ndiye aliyegawa mashamba, na yule aliyeitwa Kingalu, upande wa mashariki wa milima, alijulikana kwa mvua, si kwa kuamrisha watu walime nini. Waingereza wakataka Sultani wa Waluguru wote, na wakampata: Sultani Sabu Sabu. Hakuna Mluguru aliyeulizwa kama anamtaka mtu wa kuamuru juu ya shamba la ukoo wake. Alipata sauti juu ya kitu ambacho kwa desturi hakikuwa chake, na tangu siku hiyo alisimama juu ya ardhi ya wenyewe.

Mambo haya yalikaa kimya kwa takriban miaka ishirini, kwa sababu serikali haikudai mengi zaidi ya kodi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilianza kudai. Maofisa waliogopa mmomonyoko wa udongo, na hofu yao haikuwa ya kubuni. Watu walikuwa wameongezeka na mashamba yalipumzishwa kwa muda mfupi kuliko zamani. Usambara mpango wa kuuzuia ulianzia Mlalo mwaka 1946, kisha ukaenezwa milimani kote. Kila mkulima alitakiwa kupiga matuta yanayokata mteremko, yaunganishwe kwa matuta madogo ya kukingama ili maji yasimame yasikimbie. Kwenye karatasi ya Bwana Shamba hilo lilikuwa jambo dogo. Kwenye mteremko wa Usambara lilimaanisha mwanamke mwenye jembe la mkono, mtoto mgongoni, akivuta udongo kuanzia juu hadi chini kwenye shamba ambalo mama yake alilima mahindi na maharage kwa siku chache tu. Wanaume wengi walikuwa kwenye mashamba ya mkonge na chai wakitafuta fedha za kodi. Matuta yakimalizika, mvua kubwa huyabomoa, na asiyeyajenga upya anaitwa mahakamani. Mahakama ni ya chifu, anayehukumu ni mtu wa chifu, na faini inaingia kwenye hazina ya chifu. Amri imetoka kwa Mzungu, lakini mwanamke yule hamwoni Mzungu popote. Anamwona mtu wa nyumba ya kifalme ambayo zamani kazi yake ilikuwa kuiponya nchi, sasa akimtoza faini kwa sababu ya udongo.

Watu wakaanza kuulizana mpango huu unaelekea wapi. Huenda ardhi ikishatengenezwa vizuri watapewa Wazungu. Maofisa waliona hofu hiyo ni ujinga. Lakini Novemba 1951, serikali iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akiwa ametumwa na watu waliochangishana nauli. Tuone alivyotumwa: hakupitia kwa mangi, hakupitia bomani. Wameru walikuwa wameshajitafutia msemaji mwingine. Msambaa aliyesikia habari za Meru hakuwa mjinga kuogopa.

Uluguru ndiko mambo yalikopasuka. Huko agizo lilikuwa gumu zaidi, kuchonga ngazi kwenye mlima mkali, kazi iliyofukua udongo wa chini usio na rutuba na kufukia ule mzuri, ili kwamba baada ya jasho lote mavuno yapungue. Mwaka 1955 watu walikusanyika kupinga, na Julai, pale Matombo, umati ulikabiliana na polisi. Mtu mmoja alipigwa risasi akafa. Mpango ukaachwa. Usambara nako matuta yalifutwa mwaka 1957. Cha kujifunza hapa ni kwamba serikali yenye polisi, magereza na machifu ilishindwa kupata matuta. Iliweza kumfunga mtu mmoja, kumi, hata mia, lakini kilima chenye wakulima maelfu hakiwezi kulimwa kwa pingu. Ndiyo maana walihitaji chifu tangu mwanzo: walitaka amri itiiwe bila askari kusimama kwenye kila shamba. Na kwa kumtumia chifu kusimamia jambo linalochukiwa, waliuharibu utii uleule waliokuwa wakiutafuta. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, na machifu wengi walipasuka katika miaka hiyo michache kati ya 1950 na 1957.

Mtu anaweza kunikumbusha Kilimanjaro. Mwaka 1951 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, kwa kura, wakashangilia. Alikuwa kijana aliyesoma London, mjukuu wa Mangi Marealle wa Marangu, na wakati wake kahawa ilikuwa na bei nzuri. Alipata bendera, wimbo na sikukuu ya Wachagga kila tarehe 10 Novemba. Je, hapa uchifu chini ya Waingereza haukustawi? Ulistawi, na sababu yake inaunga mkono hoja yangu. Marealle aliingia akibebwa na chama cha wananchi waliochoshwa na mamangi wa tarafa ambao serikali ilikuwa imewaweka juu yao. Nguvu yake ya mwanzo ilitoka chini. Kisha akataka kiti kiwe chake maisha, akakaribiana mno na serikali, na wenye kahawa, ambao chama chao cha ushirika kilikuwa kikijiendesha tangu 1933, wakaona kwamba walichompa wanaweza kukichukua. Mwaka 1960 ilipigwa kura nyingine, na Wachagga wakaamua wanataka rais anayechaguliwa kwa muda maalumu. Kura ileile iliyompandisha ndiyo iliyomshusha, miaka tisa baadaye, bila mtu kurusha jiwe.

Mfano wa Buganda una nguvu zaidi, kwa sababu unaonekana kupinga kila nilichosema. Kabaka naye alikuwa chini ya Waingereza, tena kwa mkataba tangu 1900, na machifu wake walikusanya kodi. Mbona yeye alipendwa? Kwa kweli Mutesa hakupendwa sana mwanzoni. Ghasia za 1945 na 1949 zilielekezwa kwa mawaziri wake na machifu wake. Kilichombadilisha ni Gavana Andrew Cohen, aliyemkamata Novemba 1953 na kumsafirisha Uingereza kwa sababu alikataa kukubaliana na mipango ya serikali. Kwa siku moja Kabaka aliacha kuwa mtu wa boma. Aliporudi Oktoba 1955 barabara zilijaa watu, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuitawala Buganda bila yeye. Cohen alimnyang'anya kila kitu ambacho serikali inaweza kumpa mtu, na hapo ndipo ilipoonekana ni nini ambacho serikali haiwezi kumpa.

Gavana Edward Twining wa Tanganyika aliona jambo hili nusunusu. Tarehe 19 Juni 1954, Kenya ikiwa katika vita vya Mau Mau, alikwenda Kalenga akamkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu lililosemekana kuwa la babu yake, Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani. Alijua kwamba heshima ya Mkwawa ilitokana na kutoinama, akataka heshima hiyo iikingie serikali. Siku 18 baadaye, chama cha TANU kiliundwa Dar es Salaam. Mwaka 1957 aliwakutanisha machifu wakuu Mzumbe, akitarajia wawe kizuizi dhidi ya chama hicho. Hawakuwa, kwa sababu walijua hali zao kuliko gavana alivyozijua. Wengi walianza kutafuta njia ya kupatana na TANU, na Adam Sapi mwenyewe akaja kuwa Spika wa Bunge.

Wapo wanaosema kwamba TANU ndiyo iliyowaua machifu, na kwamba watu walifuata chama tu. Uchaguzi wa 1960 unajibu. TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa Mbulu, ambako chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, na wapiga kura wakamchagua Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama peke yake. Watu wa Mbulu waliitaka TANU, na walimkataa chifu hata alipoletwa na TANU. Miaka mitatu baadaye Bunge liliandika kwenye sheria kile ambacho Mbulu walikuwa wamekiandika kwenye karatasi za kura.

Linabaki pingamizi la mwisho, na ndilo linaloumiza. Kama nguvu ya kweli hutoka kwa wanaotii, mbona serikali huru, iliyochaguliwa na kupendwa, kati ya 1973 na 1976 iliwahamisha mamilioni ya watu kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa na serikali, wengi kwa kusukumwa, na ikafanikiwa? Nami nakiri kwamba imani ya watu inaweza kuwa mtaji mkubwa wa kulazimisha kuliko bunduki. TANU iliweza kufanya ambalo Twining asingethubutu. Lakini tuangalie kilichofanyika. Kwa babu zao, kuhama kulikuwa silaha ya mnyonge. Sasa kuhamishwa kukawa silaha ya mkubwa, na mahali pa chifu palikuwa na mkuu wa wilaya na katibu wa chama, ambao nao waliteuliwa kutoka juu na kupimwa kwa idadi ya watu waliowasogeza. Mtaji ule ukaliwa. Serikali ilipolegeza kamba katika miaka ya 1980, watu wengi walirudi kwenye mashamba yao ya zamani na kuyadai mahakamani. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta madai hayo yote kwa pamoja. Baba na mwanawe, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba katika nyanda za Mbulu na Karatu, ambao mahakama ilikuwa imeshawarudishia shamba lao, hawakukubali. Waliipeleka serikali mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na majaji wakaamua kwamba haki ya mtu juu ya ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Katiba, na Bunge haliwezi kuifuta bila fidia ya haki.